Likizo ya Miguu ya Mama

Mwaka ule miguu ya mama ilivimba mpaka vifundo vikapotea. Ukimtazama kuanzia goti kushuka, ulikuwa mguu mmoja tu wa moja kwa moja kama mchi, halafu vidole. Mama anauza chakula stendi ya Masasi, na kazi ya mama lishe haina kiti. Kiti kipo, lakini ni cha mteja. Nesi alimwambia apumzike, miguu aiinue juu, asipike, asibebe maji, asiinamie ufagio. Mama akajibu, "Sawa mwanangu, asante," akatoka hapo akapitia sokoni kununua nyanya za kesho.

Mimi nilikuwa nimeshamaliza kidato cha nne, nafanya kazi kwenye duka la kutoa kopi na kuchapa barua. Mshahara wa kule si wa kusimulia, lakini intaneti ya duka ilikuwa bure, na mimi kukaa na jambo kichwani siwezi. Jioni ile ile nikatangaza nyumbani kwamba mwezi wa sita, shule zikifungwa na stendi ikipoa, mimi na mama tunaenda likizo. Likizo ya kulala hotelini.

Baba alikuwa uani anasafisha mashine ya kupulizia mikorosho salfa. Akainua kichwa.

"Yaani mnatoa hela ili mkalale?"

"Ndiyo, baba."

"Hapa mnalala bure kila siku na hakuna aliyewahi kunishukuru."

Mama akacheka. Wadogo zangu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu najua kwetu jambo likishachekwa linakufa. Nikawaambia hela ya likizo nimeanza kuweka, na mama naye ana kibubu chake, tusiulizane.

"Haya, kama ni kupumzika," baba akasema, "si ana mdogo wake Newala? Mama watoto, nenda kwa mdogo wako. Hoteli bure, chakula bure."

Hapo ndipo penye shida. Kwetu, ukiwa na ndugu kwenye mji hulali gesti. Gesti ni ya madereva, wanunuzi wa korosho na watu wenye mambo yao. Mtu mwenye heshima zake anafikia kwa ndugu, na kama ni mwanamke, akishaweka begi chini anauliza jiko liko wapi. Mwaka mmoja kabla mama alikwenda kwa mama mdogo, eti kupumzika hivyo hivyo. Alirudi viganja vimechanika kwa kumenya mihogo, na miguu imezidi. Bei ya kulala kwa ndugu ni sifuri, lakini inalipwa kwa miguu.

Kwa hiyo nikasema hoteli, na hoteli ikabaki.

Mimi nilitaka bahari. Nikatafuta Mtwara, nikatafuta Mikindani, nikatafuta hadi Lindi. Mchana dukani mteja akichelewa nafungua picha za vyumba. Kuna hoteli moja nilimwonyesha mama kwenye simu, ina bwawa la bluu na viti vya kulalia jua. Mama akaisogeza simu karibu na macho.

"Humu wanaoga watu wote pamoja?"

"Wanaogelea, mama."

"Na hawa wamelala juani, nani kawafukuza ndani?"

Nikamwambia basi bahari yenyewe tu, bila bwawa. Akasema bahari anaijua, samaki wake anawakaanga kila siku. Nilikasirika. Nikamwuliza, sasa wewe unataka wapi? Nilidhani atasema popote, kama akina mama wanavyosema. Akajibu palepale, inaonyesha alikuwa na jibu siku nyingi.

"Nataka mahali pa baridi. Nijifunike blanketi mbili, nisikie wenzangu wanaamka na mimi nisiamke."

Masasi blanketi ni pambo. Joto la mawe ya milima inayozunguka mji linakaa hadi usiku. Baridi ya karibu ni Newala, kule juu, mwezi wa sita ukungu unaingia mpaka sebuleni. Na Newala ndiko anakoishi mama mdogo. Nikamwambia mama, miji yote hii ya kusini, wewe unachagua penye mwiko unaokusubiri. Akasema, "Si lazima ajue."

Mama yangu, mtu wa kanisani, mwimba kwaya, ndiye aliyesema hivyo. Nikampenda zaidi.

Basi nikaanza kutafuta chumba Newala. Loji mbili tatu zilikuwa mtandaoni na nyingine namba zake nilizikuta kwenye risiti ambazo wateja wanaleta kutoa kopi. Kwa uzoefu wangu, na sasa nimeshakuwa na uzoefu, bei ya mtandaoni ni ya mtu asiyejua kupiga simu. Loji ile ile, niliyoikuta mtandaoni kwa bei ya kuumiza, nilipopiga ikashuka. Nikauliza chai imo? Haikuwemo, nikabishana ikawemo. Nikauliza chumba cha nyuma kisicho na televisheni na kiyoyozi kinapungua kiasi gani, maana Newala mwezi wa sita kiyoyozi cha nini, ukifungua dirisha tu kinaingia chenyewe. Ikashuka tena. Nikasema tunakuja katikati ya wiki, siyo Ijumaa. Nikasema msimu wa korosho bado, wanunuzi hawajaja, vyumba vyenu mnalaza upepo. Yule dada wa mapokezi akauliza, "Dada, wewe unafanya kazi ya udalali?" Mwisho nikamwambia nakuja na mama yangu mzazi, watu watulivu, shuka hatuchafui. Akapunguza mara ya mwisho na kukata simu kabla sijaendelea.

Ushauri wangu kwa anayesoma: mtaje mama. Mtu mwenye loji anaogopa walevi kuliko anavyopenda hela.

Tulipanda gari ya asubuhi. Baba alibaki na mikorosho na wadogo zangu, akisema atatulilia. Mama aliacha kibanda kwa msaidizi wake na akamwachia maelekezo mpaka gari ikaanza kuondoka, bado anasema dirishani habari za chumvi. Gari ilipoanza kupanda alijifunga kitenge mabegani akatabasamu peke yake.

Loji ilikuwa ya rangi ya kijani, safi, ina ua wenye maua kwenye ndoo za rangi. Mapokezi alikaa yule dada wa simu. Kwa sauti nilidhani ni msichana wa umri wangu, kumbe ni mama mtu mzima, mnene, ana miwani kwenye kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akatuangalia, akafungua daftari la wageni.

"Ile bei tuliyosema," akaanza, "ni ya chumba cha kitanda kimoja. Nyie mko wawili. Cha vitanda viwili kina bei yake."

Damu ikanipanda. Simu yote ile! Nikaanza kusema mimi nilikuambia wazi, mimi na mama, sasa kitanda kimoja tungelala vipi, mmoja juu mmoja chini? Yeye ananitazama tu juu ya miwani. Nilikuwa karibu kusema tunaondoka, ingawa pa kwenda sikupajua.

Mama akaweka begi chini taratibu.

"Mwache mwanangu, usijisumbue. Hawa Wamakonde unawajua? Walikimbilia huku juu ya mlima, maji wakayasahau bondeni. Mtu aliyesahau maji, bei ya simu ataikumbuka?"

Yule mama wa mapokezi akavua miwani. Uso wote ukabadilika, kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Alaa! Kumbe Mmakua!"

"Wa kuzaliwa."

"Ndiyo maana nilinusa kitu. Maji mnayo huko chini, lakini kuoga mpaka Krismasi!"

"Afadhali sisi tunaojua Krismasi inakuja lini. Nyie ukungu huu mnajua hata kama leo ni Jumanne?"

Wakacheka, wakapigana viganja juu ya meza. Kumbe mama alikuwa na hela yake nyingine ambayo mimi sikuihesabu kwenye bajeti. Mmakua na Mmakonde ni watani, na mtani habanwi kwa bei kama mgeni. Mama akanyoosha mkono ukutani, akachukua funguo yenye kibao, akaitia kifuani ndani ya blauzi.

"Nimeteka. Chumba cha vitanda viwili, bei ya kimoja. Ukiitaka funguo njoo uichukue."

"Mwizi huyo!" yule mama akapiga kelele kwa furaha. "Ngoja kwanza. Isije ikawa wewe ni Mmakua wa kujipachika, unatafuta punguzo. Mtani wa kweli anajua kwao. Wa wapi wewe?"

Hapo nikaona shimo lilipo. Nikamkanyaga mama, taratibu, kwenye kiatu, nikakumbuka miguu yake nikautoa mguu haraka. Alikuwa ameshawaka. Mtani akikuuliza kwenu halafu ukanyamaza, umeshindwa, na mama hashindwi.

"Wa Chiungutwa mimi! Mtoto wa fundi baiskeli, yule mwenye kilema cha kidole. Waulize."

"Fundi baiskeli wa Chiungutwa?" Mama wa mapokezi akaweka mikono kichwani. "Si mdogo wako kaolewa hapa, kule karibu na ghala la korosho? Tuko naye kikoba kimoja, tunaweka akiba pamoja!"

Mama akakumbuka. Nilimwona anakumbuka. Mama wa mapokezi alikuwa anaandika kwenye daftari bei ya mtani, ndogo kuliko hata ile niliyoibishania mwezi mzima, huku akisema, "Atafurahije!"

Chumbani nilimfokea mama kidogo, kwa heshima. Nikamwambia umetupunguzia hela na umetuuza hapohapo. Akasema, "Labda atasahau kumwambia." Newala ile? Mtu akipiga chafya huku, kule wanajibu.

Tukaamua kuzitumia saa zilizobaki. Nikamkalisha mama kitandani, nikampangia mito miwili chini ya miguu. Alikaa muda wa kuchemka chai. Nilipotoka bafuni nikamkuta anafagia. Chumba kimefagiwa na wenyewe asubuhi, yeye anafagia! Nikamnyang'anya ufagio. Akaenda kuosha vikombe. Nikamnyang'anya vikombe. Akaanza kutandika upya kitanda kilichotandikwa, eti kona hazijakaa.

"Mama, tumelipia uache!"

"Mikono haijui kama tumelipia," akasema.

Ndipo mhudumu akagonga mlango na ndoo ya maji ya moto. Newala maji yana thamani yake, watu wanayapanga kwenye madumu kama mafuta, na hii ilikuwa ndoo nzima, inafuka moshi, imechemshwa na mtu mwingine, imebebwa na mtu mwingine. Mama aliitazama ile ndoo. Akauliza, "Yangu?" Alikaa bafuni mpaka nikaogopa. Alitoka analegea, akapanda kitandani mwenyewe, akaweka miguu juu ya mito bila kuambiwa, akalala na jua bado lipo. Sijawahi kumwona mama yangu amelala jua likiwepo, isipokuwa akiumwa malaria.

Asubuhi yake mama mdogo akafika.

Hakugonga. Alisimama mlangoni na ukungu nyuma yake, kitenge kimefungwa juu ya sweta, na nikajua kwa jinsi alivyoshika kiuno kwamba amekuja kwa miguu na njia nzima alikuwa anasema peke yake.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema.

Hakuitika. "Dada. Umelala gesti. Kama dereva wa lori. Na mimi nipo hai, nina nyumba, nina vitanda. Watu wamenipigia simu kunipa pole, dada! Pole ya nini, nimefiwa?"

Mama alikuwa ndani ya blanketi zake mbili. Nilimwona anajivuta kuamka, na nikajua ndiyo mwisho. Ataomba msamaha, atafunga begi, saa moja baadaye yuko jikoni kwa mdogo wake anamenya mihogo. Nikafungua mdomo kusema mimi ndiye niliyemlazimisha. Mama akaninyamazisha kwa mkono.

"Kaa," akamwambia mdogo wake.

"Sikai."

"Basi simama. Mimi nikija kwako nalala wapi?"

"Kitanda cha wageni, si unakijua!"

"Sikijui. Nakijua jiko. Mwaka jana nilikuja kwako na miguu hii, nikaondoka na miguu hii." Akafunua blanketi akamwonyesha. "Wameniambia nipumzike. Nimekuja kupumzika. Kwako siwezi."

Sikuwahi kumsikia mama akisema siwezi. Niliangalia sakafu.

Mama mdogo aliitazama miguu kwa muda. Halafu akajibu, na alikuwa na haki yake.

"Mimi nilikutuma upike? Nilikuficha mwiko, dada. Nilikuficha! Ukautafuta chini ya gunia ukaupata. Nikakwambia kaa, ukasema mboga yangu haina chumvi. Mbele ya mume wangu."

"Haikuwa na chumvi."

"Haikuwa na chumvi kwa sababu yeye ana presha!"

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Nilijaribu kuzuia, ikatoka puani. Mama akafuata, halafu mama mdogo, akiwa bado ameshika kiuno, akawa anacheka na kusema anacheka lakini amekasirika, tusimwelewe vibaya.

Mama wa mapokezi akaleta chai wakati huohuo, nadhani alikuwa ukutani anasikiliza. Chupa ya chai ya tangawizi, vitumbua, vikombe viwili. Mama akamimina cha kwanza akampa mdogo wake. Cha pili akachukua yeye. Mama mdogo akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akanywa, akapapasa blanketi.

"Chai wanaleta wenyewe hivi? Kila siku?"

"Kila siku," mama akasema. "Na maji ya moto."

"Wanachemsha wao?"

"Wao."

Mama mdogo akavua ndala. Akaweka miguu juu ya kitanda, kwanza mmoja, halafu wa pili, kama anajaribu maji. "Nimeolewa miaka yote," akasema, "chai ya kuletewa kitandani nimekunywa nikiwa mzazi tu." Akajiegemeza. Kitanda changu kilimkaa vizuri kuliko kilivyonikaa mimi.

Halafu, pamoja, kama walioambiana, wakageuka wakanitazama mimi.

"Mwanangu," mama mdogo akasema kwa sauti tamu sana, "wewe bado kijana. Watoto kule wamebaki na baba yao, na yeye kuwasha mkaa hajui hata upande wa kupulizia."

Nikatafuta msaada kwa mama. Mama akanywa chai.

"Chumba ni cha watu wawili," akasema. "Wa tatu watatuongezea bei. Wewe ndiye unayejua mambo ya bei."

Hivyo ndivyo nilivyohamia kwa mama mdogo, karibu na ghala la korosho, na likizo niliyoitafuta kwa mwezi mzima nikawaachia wenyewe. Nilimenya mihogo. Nilipanga foleni ya maji na madumu. Nilipika mboga isiyo na chumvi, na mume wa mama mdogo akala akasema, "Kumbe familia yenu mnaweza mkitaka." Watoto walinifundisha njia ya kwenda ukingoni, mahali ambapo ardhi inakatika na bonde la Ruvuma linaanza chini kabisa, kijani na moshi moshi. Nilikaa pale jioni moja nikasema moyoni, haya, bahari si hii, lakini siwezi kulalamika. Na kweli sikulalamika. Hasira zangu huwa zinakaa juu juu, nikifanya kazi zinaisha.

Siku tuliyopanga kuondoka, asubuhi, nilikwenda loji na begi langu na bakuli la mbaazi mbichi nilizochemsha. Nikawakuta nje barazani, wamejifunika blanketi za loji kama wachungaji wawili, miguu yote minne juu ya kiti kimoja cha plastiki. Walikuwa wanamsema mtu, kwa Kimakua, na waliponiona wakahamia Kiswahili na mtu mwingine.

Nikainama kuweka bakuli na nikaiona miguu ya mama. Vifundo vilikuwepo. Vyote, cha ndani na cha nje, vimetokeza, na kati ya mfupa na kisigino kuna bonde dogo ambalo nilishasahau kuwa mtu huwa nalo. Nikakishika kimoja. Nikakibonyeza kidogo, hakikubonyea.

"Unapapasa nini?" mama mdogo akauliza. "Unanunua mbuzi?"

Mama akautoa mguu mkononi mwangu taratibu, akaurudisha kwenye kiti.

"Hebu nenda ndani kamuulize mtani," akasema. "Tukiongeza siku, anapunguza?"

"Mama, na gari? Na kibanda? Na mimi kazini?"

"Nimesema muulize tu. Kuuliza wanatoza?"

Nikaingia mapokezi. Yule mama alikuwa ameshafungua daftari kabla sijasema neno, kalamu mkononi, miwani puani.

"Najua," akasema. "Na kesho chai nilete vikombe vingapi?"

Nikamwambia viwili.